Vitabu vya Kuchekesha na Msomaji wa Ayany

Katika nyumba nyingi za Ayany, mtaa ulioko Kibera mjini Nairobi, vitabu vinavyoonekana sebuleni ni vya namna mbili tu. Viko vya mtoto wa shule, vimevikwa karatasi ya kaki ili visichakae. Na kiko kitabu cha dini, kimewekwa juu ya kabati mahali pa heshima. Kitabu cha namna ya tatu, yaani kitabu cha mtu mzima cha kusomwa jioni kwa sababu kinachekesha, ni nadra kuonekana. Kikionekana, mara nyingi mwenyewe hukitolea udhuru: ati aliachiwa na rafiki, au ati kilikuja pamoja na vitu vingine alivyonunua soko la Toi.

Udhuru huo ni wa ajabu. Mtu huyo huyo akitazama mpira jioni nzima haombi radhi kwa yeyote. Akisikiliza vichekesho redioni hata machozi yakamtoka, jirani hamwulizi faida yake. Lakini na ashike kitabu acheke peke yake, swali halichelewi.

“Bwana, wasoma nini hata unacheka hivyo?”

“Hadithi tu, mzee.”

“Kwani una mtihani?”

“Sina.”

Hapo jirani hunyamaza, akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake anachota maji na wala hana mtungi.

Sababu ya mambo haya yajulikana. Watu wengi wa Kenya walikutana na hadithi ya Kiswahili kwanza shuleni, na shuleni hadithi ni kazi. Kitabu kilichoteuliwa kwa mtihani wa KCSE husomwa kalamu ikiwa mkononi. Mwanafunzi huandika maudhui, huandika dhamira, huorodhesha wahusika na sifa zao, huhesabu methali na tashbihi. Mwandishi akitia mzaha, mzaha huo huitwa kejeli, nayo kejeli huulizwa kwa alama nne. Tena wako wengi ambao kitabu chenyewe hawakukifungua kamwe: walinunua mwongozo, kijitabu ambacho kimekwisha kuitafuna hadithi, kazi ya msomaji ikawa ni kumeza. Aliyepita njia hiyo aweza kuonyesha kila mahali penye kichekesho katika kitabu kizima bila ya kuwa amecheka hata mara moja.

Mwalimu asilaumiwe kupita kiasi, maana naye amepewa muhula wenye majuma machache na darasa lenye watoto wengi. Lakini hasara ipo. Siku ya mtihani wa mwisho huwa ndiyo siku ya mwisho ya kusoma hadithi. Kitabu huuzwa, kikaishia inama, yaani kwa wachuuzi wale wa mjini wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya njia, hata mnunuzi hana budi kuinama ili achague. Pale hungoja mwanafunzi mwingine mwenye mtihani kama ule. Kijana aliyekiuza sasa ni karani, au fundi, au amerudi nyumbani analima. Husoma barua za kazi, husoma ujumbe wa simu, husoma bei ya mbolea. Kusoma saa nzima mfululizo ni jambo aliloliacha pamoja na sare ya shule. Na ustadi usiotumiwa hupungua, kama panga lililosahauliwa darini. Baada ya miaka kumi mtu huyu akiletewa mapatano ya kununua kiwanja, kurasa ishirini zenye herufi ndogo, husoma ukurasa wa kwanza, akaruka zote za katikati, akatia sahihi mwishoni. Wamo watu mjini Nairobi waliopoteza akiba ya maisha yao katika kurasa zile za katikati.

Hapa ndipo kitabu cha kuchekesha kinapokuwa na kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyeshinda ofisini, kisha akakaa katika msongamano wa magari wa Barabara ya Ngong mpaka giza likaingia, hawezi kujilazimisha kila jioni kusoma kitabu kizito. Atakisoma siku mbili, ya tatu atalala. Kitabu kinachomvuta mwenyewe ni jambo jingine. Huahirisha usingizi kwa ajili yake, na asubuhi hujiona amesoma kurasa arobaini bila ya kulazimishwa na mtu.

Mfano ulio bora katika Kiswahili ni Bwana Msa. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Unguja mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kisha akaingia katika magazeti, na tangu mwaka 1958 mpaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Kazi ya ukaguzi wa afya ni kuingia majumbani mwa watu na kuchungulia visima na vyoo vyao, basi si ajabu kama aliyeifanya aliona siri nyingi. Mtu huyu wa mbegu na mbolea ndiye aliyeshinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, kwa hadithi iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960.

Ukiulizwa kitabu hicho ni cha namna gani, jibu si jepesi. Maiti ya tajiri mwenye shamba yaonekana mzimuni. Basi ni hadithi ya upelelezi. Wako wanaoamini kwamba mzimu wenyewe ndio uliomwua. Basi ni hadithi ya kutisha. Nyuma ya kifo hicho zimefichwa siri za jamaa na mali. Basi ni hadithi ya ukoo. Na juu ya hayo yote yuko Bwana Msa, mtu asiye na cheo cha polisi, kiko mdomoni, pamoja na sahibu yake Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa pale pale msomaji anaposhangaa. Msomaji aogopa na kucheka katika ukurasa mmoja, wala hajui lipi lilitangulia.

Wasomi wamekwisha kusema kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes wa Uingereza, na ni kweli kwamba kiko na rafiki vyaonyesha undugu huo. Lakini Holmes hakukaa barazani. Bwana Msa ni mtu wa baraza hasa: hufikiri kwa kuzungumza, na neno huligeuza na kuligeuza kama mwenye duka ageuzavyo sarafu anayoitilia shaka. Mara nyingine hukawia mno, na msomaji mwenye haraka atatamani kumshika mkono ampeleke kwa mwuaji. Hata hivyo mwenye haraka atapoteza nusu ya kitabu, kwa kuwa raha yake imo katika kule kukawia. Baada ya hicho vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na vinginevyo. Jina la Giningi lina utisho wake kwa watu wa Unguja na Pemba, maana katika masimulizi yao ndio mji wa wachawi. Na mwandishi kalichukua jina hilo zito akalitia ndani ya hadithi ambayo mtu aisoma huku anatabasamu.

Wako wanaosema kwamba kuchanganya mambo namna hii ni kuharibu. Wasema hadithi ya kutisha na itishe, ya kuchekesha na ichekeshe, na kila moja ikae katika chumba chake. Kanuni hiyo haikutoka kwa mabibi waliosimulia hadithi jikoni. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja, na miongoni mwake imo ya kima na papa. Papa amchukua kima mgongoni kumvusha bahari, ati kumkaribisha kwao. Kumbe sultani wa huko ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwamba makima huacha mioyo yao mitini wanaposafiri, kwa hiyo warudi wakauchukue. Arudipo salama juu ya mti wake, papa amwita. Naye, badala ya kushuka, amsimulia papa hadithi nyingine, ya punda wa dobi aliyeliwa na simba. Hadithi imo ndani ya hadithi. Kifo kimo, hila imo, mzaha umo, na msikilizaji mtoto apata lake na mtu mzima lake.

Tena hadithi hiyo yenyewe ni msafiri. Asili yake ni Bara Hindi, na huko mnyama wa majini alikuwa mamba. Katika karne ya 8 ilifasiriwa kwa Kiarabu ndani ya Kalila na Dimna, na mamba akageuka kasa. Ilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki akawa papa. Hakuna aliyesimama bandarini kuiuliza hadithi hiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Aliyeifuata njia hii kwa upole zaidi ni Shaaban Robert, naye alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika kwa miaka mingi. Katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, aliweka nchi nzima angani, akamshtaki Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha sheria, na Karama akajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Ni kesi ya mahakamani na ni safari za ajabu kwa wakati mmoja. Kicheko chake ni cha chini chini, cha mtu anayejua kwamba mkubwa wake wa ofisi huenda akakisoma kitabu. Makarani watakielewa kicheko hicho bila kufundishwa.

Mwaka 1995 alitokea Katama Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya aliyepata kuwa mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaitoa angani safari ya namna nyingine. Kitabu chake chaitwa Walenisi. Dzombo ahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo cha kuruka angani ambacho hakuna aliyepata kurudi nacho. Lakini Dzombo ajifunza kukiongoza, naye afika katika dunia nyingine iitwayo Walenisi. Msomaji hulitamka jina hilo mara ya kwanza kama jina la nchi ya mbali. Akilitamka mara ya pili polepole, asikia maneno matatu: wale ni sisi. Wako walioifikia nusu ya kitabu ndipo wakalisikia, wakalazimika kurudi mwanzo. Hicho ni kicheko ambacho hakuna mwongozo uwezao kumpa mtu, maana mwongozo humwambia maana ya jina kabla hajapata nafasi ya kudanganyika.

Haifai kusifu bila kupima. Mwenye kukisoma Walenisi kwa ajili ya ile safari ya hatari ataona kwamba wenyeji wa dunia ile wana maneno mengi. Kila jambo lao zuri huelezwa kwa urefu, na mara nyingine hadithi hukaa kitako ikisubiri hotuba iishe. Lakini mwandishi alikuwa na haki ya kuwa na maneno. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini katika msako wa wale walioshukiwa kuwa wa Mwakenya. Mtu aliyefungiwa bila kujua atatoka lini, kisha akatunga hadithi ya mtu aliyetiwa ndani ya chombo cha mauti akakigeuza kikawa cha safari, hakuandika mchezo wa watoto.

Mwaka ule ule wa 1986 alifungwa pia Wahome Mutahi, ambaye Kenya nzima ilimjua kwa safu yake ya Whispers katika gazeti la Sunday Nation. Aliandika kwa Kiingereza, lakini kilikuwa Kiingereza kilicholelewa Kenya. Ndani yake alikuwamo baba mwenye kupenda bia, mke aliyepewa jina la Thatcher kwa ukali wake, na binti aitwaye Pajero. Jumapili watu walilisoma gazeti kuanzia ukurasa huo, siasa wakaziacha baadaye. Na kumbe siasa zilikuwamo humo humo, zimevaa nguo za nyumbani. Mutahi alifariki mwaka 2003. Wanaodhani kwamba kuchekesha ni kazi ya watu wasio na la kusema wataona shida kueleza kwa nini waandishi kama hawa walisumbuliwa.

Ng'ambo nako mambo hayakuwa mbali na haya. Mwaka 1978 Mwingereza Douglas Adams aliandika mchezo wa redio, mwaka uliofuata ukawa kitabu, ambamo dunia nzima yabomolewa ili kupisha barabara ya angani, na wenyeji waambiwa kwamba taarifa ilikuwa imebandikwa siku nyingi, ila ofisini kusikofikika. Wasomaji wa Ulaya walikipokea kama dhihaka. Mkaazi wa Kibera aliyeona nyumba zikitiwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu ili kupisha barabara atakisoma kama habari, kisha atacheka kwa nguvu zaidi kuliko mtu wa London.

Baada ya kukubali hayo yote, mtu wa Ayany aweza kuuliza: vitabu vyenyewe vyapatikana wapi, na kwa fedha gani? Swali hilo ni la haki. Kitabu kipya cha hadithi ni matumizi yanayofikiriwa mara mbili katika nyumba yenye karo za kulipa, na sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu katika kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, jambo ambalo halikumsaidia mnunuzi. Lakini njia zipo. Huduma ya Maktaba za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ina maktaba huko huko Kibera, na wengi wanaoingia humo ni wanafunzi waliobeba vitabu vyao wenyewe wakitafuta meza na mwanga. Mtu mzima akiingia akaomba kitabu cha hadithi kwa jina lake, mkutubi hatamfukuza. Huenda hata akafurahi. Na wale wachuuzi wa inama, pamoja na vitabu vya mitihani, huwa na rundo la pembeni lisilopangwa. Humo mwenye subira hukuta vitabu vya Bwana Msa vyenye majina ya wanafunzi wa zamani yaliyoandikwa kwa wino ndani ya jalada.

Njia nyingine ni ile iliyotumiwa kwa kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambacho kwa Kiswahili ni Shetani Msalabani. Alikiandika katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni, na kilipotolewa kwa Kikuyu mwaka 1980 watu wengi hawakukisoma kwa macho bali kwa masikio. Ngũgĩ mwenyewe alieleza jinsi kilivyosomwa kwa sauti majumbani baada ya chakula, na hata katika vilabu vya pombe, ambako msomaji mmoja alisoma na waliobaki wakasikiliza. Kisa chake kina wezi wanaoshindana hadharani nani mwizi hodari kupita wote, kila mmoja akijisifu kwa unyang'anyi wake. Na kisa cha namna hiyo hakiwezi kusomwa kwa sauti bila mtu kukatiza kwa kicheko au kwa kumtaja mtu anayemjua. Kitabu kimoja kikawa cha watu ishirini, gharama ikawa ya mtu mmoja.

Ayany kuna vyama vya kila namna: vya kuweka akiba, vya mazishi, vya kununua viti na sufuria. Majirani watano wakichanga kununua kitabu kimoja kwa mwezi, kila nyumba itakuwa imechangia sehemu ya tano tu, na kwa mwaka watakuwa na vitabu kumi na viwili vya kupokezana. Asiyesoma upesi na asomewe. Mwenye sauti nzuri asome sehemu za Bwana Msa, na mtoto aliye katika kidato cha tatu aruhusiwe kukaa asikilize bila daftari. Waanze na Mzimu wa Watu wa Kale kabla ya vingine, kwa kuwa ndimo Bwana Msa na Najum wanamojulishwa kwa msomaji, na kwa kuwa sura zake hukatika mahali pabaya, pale ambapo kila mtu ataomba isomwe moja zaidi. Kanuni ya chama iwe moja. Atakayeuliza dhamira ya mwandishi kabla ya sura kwisha atanunua maziwa ya chai ya juma lijalo.